Nilisema "beki tatu" kwenye kipaza sauti na uwanja mzima ukacheka: kosa ni la neno, la mtangazaji au la wasikilizaji?

Kipaza wa Ipagala (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi hutangaza mechi za bonanza hapa Dodoma mjini, kazi ambayo malipo yake ni soda, nauli na koo lililojaa vumbi. Jumapili iliyopita nilitangaza mechi ya timu mbili za wanawake kwenye uwanja wa shule moja. Kipindi cha kwanza kikiwa kinaelekea nusu, winga wa wageni alichomoka pembeni akabaki yeye na kipa. Beki wa kushoto wa wenyeji, mwenye jezi namba 3, alimfukuzia kutoka nyuma, akateleza kwa ubavu juu ya changarawe, akautoa mpira bila kumgusa mtu, kisha akainuka paja likivuja damu na kurudi kwenye nafasi yake kana kwamba alikuwa ameinama kufunga kamba za viatu. Nilisimama juu ya kiti na kusema, kwa furaha isiyo na hila: "Beki tatu huyo! Amefagia eneo lote!"

Uwanja mzima ulicheka. Sina haja ya kueleza kwa nini, maana kila Mtanzania anajua kwamba nje ya uwanja beki tatu ni msichana wa kazi za ndani. Naapa kwamba nilikuwa nataja namba ya jezi na nafasi ya mchezaji. Kwenye mechi za wanaume nimesema "beki tatu" kwa miaka mingi na hakuna aliyewahi hata kutabasamu.

Mechi ilipokwisha yule mchezaji alinifuata pale mezani, shashi imebandikwa pajani, akanisalimu kwa adabu na kuniambia: "Kaka, nimecheza mechi nzima na jina langu hukulitaja hata mara moja. Umeniita mrembo, umeniita mwanadada, umesema ninakaba kiume, na mwisho umenifanya mfanyakazi wa ndani." Nikamjibu kwamba sikupewa orodha ya majina. Akasema: "Ungeniuliza," kisha akaondoka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijisikiliza. Naomba mnisaidie kufikiri: nilikosea wapi hasa?

Mnadani

Mkuu, beki tatu, halafu amefagia! Hata angekuwapo padri pale uwanjani angeficha uso kwa kofia. Ungesema "amesafisha", pengine ungenusurika, ingawa nalo lina ndoo na dekio ndani yake.

Binti Chamwino

Mnadani amechekesha, lakini bila kukusudia ameeleza jambo lenyewe. "Kufagia" na "kusafisha" ni maneno ya kawaida kabisa ya mpira, na beki wa kiume akisifiwa kwa maneno hayo hakuna anayeona ufagio. Neno ni lile lile na tendo ni lile lile, ila akiingia mwanamke ndani ya sentensi, msikilizaji anarudishwa jikoni. Kwa hiyo sidhani kwamba kosa la mleta uzi ni "beki tatu". Kosa lake ni kwamba alikuwa amekwisha kuwaandaa watu kucheka tangu mwanzo, kwa "mrembo" na "mwanadada". Ukimwita mtu mrembo kwa nusu saa, usishangae watu wakishindwa kumwona beki.

Mwanaisimu wa Chimwaga

Naomba niingie kwa upande wa lugha, kwa sababu mara nyingi tunajisifu kwamba Kiswahili hakibagui jinsia, na kwa kiasi fulani ni kweli. "Yeye" ni mmoja kwa wote, "mchezaji", "nahodha", "mlinda mlango" na "mwamuzi" ni wa wote, na kiambishi *a-* katika "anakimbia" hakisemi kama anayekimbia ni Juma au Asha. Wenzetu wa lugha nyingine wamehangaika miaka mingi kutafuta neno la kumwita mchezaji bora wa mechi bila kumtaja mwanamume, ilhali sisi tulikuwa nalo siku zote: mchezaji bora wa mechi.

Lakini jinsia iliyofukuzwa mlangoni imepita dirishani. Angalieni neno "mwanadada", au dada yake "mwanamama", ambayo magazeti na redio huyapenda sana. Sasa tafuteni wenzao wa kiume. Hakuna "mwanakaka" wala "mwanababa". Jaribuni kusema kwa sauti: "Mwanakaka Mbwana Samatta anaachia shuti kali!" Mtacheka wenyewe, na kicheko hicho kinaonyesha kwamba neno la namna hiyo kazi yake si kumtambulisha mtu, kwa kuwa huyo mtu tayari anajulikana, kazi yake ni kumkumbusha msikilizaji kwamba huyu si mchezaji wa kawaida.

Kuhusu "kukaba kiume": kiambishi *ki-* hapo kinaonyesha namna ya kutenda, kama katika "kitoto" au "kisomi". Sifa ya ushupavu imefungwa ndani ya jinsia moja, na ndiyo maana hamjawahi kusikia mtangazaji akimsifu mtu kwamba "amekaba kike".

Mtoto wa Nkuhungu

Mwanaisimu, hapa natofautiana nawe kidogo. Kwa wazungumzaji wengi wa leo "kiume" limekwisha kupoteza mwili wake na kubaki na maana ya "kwa nguvu" au "kwa ujasiri". Mama yangu mzazi, nilipokuwa nalia kwa jino, aliniambia nijikaze kiume, na dada yangu alipokwenda kujifungua aliambiwa maneno hayo hayo. Hakuna aliyedhani kwamba dada yangu amegeuka mwanamume akiwa leba. Tukianza kupasua kila neno ili tuone linakotoka, hatutabaki na la kutangazia.

Mzee Muheme

Vijana, mmesahau neno kubwa kuliko yote. Kila mechi ngumu inapofika, mtangazaji husema "mpira si lelemama". Wangapi kati yenu wanaijua lelemama? Ni ngoma ya wanawake wa Pwani, ngoma ya maringo, mavazi na ushindani mkubwa kati ya vyama vyao. Tumeichukua ngoma ya akina mama, tukaifanya kuwa jina la kitu laini kisicho na shida, kisha tunalitumia jina hilo kuwasifu wanaume wanaotoka jasho. Sasa mtangazaji anasema "mpira si lelemama" kwenye mechi ya wanawake wenyewe!

Hapa kwetu Ugogo ingekuwa vigumu kupata msemo wa namna hiyo. Ngoma za muheme hupigwa na wanawake, wanazibana kati ya mapaja na kuzipiga huku wakiimba, na aliyewahi kukaa karibu nao anajua kwamba ardhi hutikisika. Hakuna Mgogo atakayekuambia "kazi hii si muheme" akimaanisha kwamba ni ngumu.

Mnadani

Shikamoo, Mzee Muheme. Kwa hiyo mleta uzi aseme "mpira ni muheme"?

Mzee Muheme

Marahaba. Aseme, na wasiolijua neno wataliuliza.

Kipa Mstaafu wa Kondoa

Nimesoma wote na naona wengi mnaozungumza hamjawahi kuitwa majina hayo. Mimi nimedaka miaka minane, mingine nikiwa shule na mingine katika timu ya mtaani iliyokuwa ikisafiri na lori la mahindi, kwa hiyo niruhusuni niseme yaliyonikuta.

Nilipoanza, watu waliniita "Kaseja", kwa jina la Juma Kaseja, na ninawaambia ukweli kwamba nilifurahi hadi nikaliandika kwa kalamu ya wino kwenye glavu. Kuitwa jina la mwanamume hakukuniumiza, kwa sababu lilikuwa jina la kipa. Timu yetu ya taifa nayo imekuwa na wachezaji waliojulikana hivyo: Mwanahamisi Omary aliitwa Gaucho, na Asha Rashid aliitwa Mwalala. Mchezaji huchukua jina la mtu ambaye mchezo wake unafanana na wake, basi.

Lililoniliza lilikuwa "jikedume". Hilo sikuitwa na watazamaji wa kilabuni. Niliitwa na mtangazaji aliyekuwa na kipaza sauti, mbele ya baba yangu aliyekuja kunitazama kwa mara ya kwanza. Baba hakusema kitu njiani, wala hakuja tena. Kwa hiyo ninapomsikia Mtoto wa Nkuhungu akisema kwamba neno limepoteza mwili wake, ninamuuliza: limepoteza kwa nani?

Kuhusu "kukaba kiume", mimi binafsi nilikuwa nikilisema mwenyewe kwa mabeki wangu. Nilikuwa napiga kelele golini: "Kabeni kiume, nyie!" Sijui kama ninapaswa kujuta.

Mtoto wa Nkuhungu

Dada, samahani kwa yaliyokupata. Nilikuwa nazungumzia "kiume" tu, na hilo la pili siwezi kulitetea.

Mpenda Kumbukumbu

Niongeze ya ng'ambo, maana wenzetu hili wamelipitia na lina kumbukumbu. Januari 2011 watangazaji wa Sky Sports, Richard Keys na Andy Gray, walinaswa wakidhani kwamba vipaza sauti vimezimwa, wakimkejeli mwamuzi msaidizi Sian Massey kabla ya mechi ya Wolves na Liverpool, kwamba mtu amweleze sheria ya kuotea. Gray alifukuzwa na Keys akajiuzulu. Mwaka 2013 John Inverdale wa BBC alizungumzia sura ya Marion Bartoli siku ile ile ambayo binti huyo alitwaa ubingwa wa Wimbledon, na ikabidi aombe radhi. Mwaka 2018 Ada Hegerberg, mwanamke wa kwanza kutwaa Ballon d'Or, aliulizwa jukwaani kama anajua kukatika kiuno. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024, Bob Ballard wa BBC alisema waogeleaji wa Australia waliokuwa wametoka kushinda dhahabu wanachelewa kwa sababu ya kujipodoa, naye akaondolewa kwenye utangazaji.

Watafiti wa Cambridge University Press nao, mwaka 2016, walichambua hazina ya lugha ya michezo yenye maneno zaidi ya milioni 160, wakaona kwamba wanaume huandamana na maneno ya kasi, nguvu na ukubwa, wakati wanawake huandamana na maneno ya umri, ujauzito na ndoa.

Kwetu nani amewahi kuondolewa?

Msaidizi wa Pembeni

Marekebisho madogo: wakati wa Paris 2024 Ballard alikuwa akitangazia Eurosport, si BBC. Mengine uliyosema ni sahihi.

Mimi hushika kibendera kwenye mechi za madaraja ya chini. Katika orodha yako umegusa waamuzi mara moja tu, na hapo ndipo penye moto. Mwamuzi mwanamume akikosea huitwa kipofu, huitwa mla rushwa, na kosa ni lake peke yake. Mwamuzi mwanamke akikosea, anakuwa amekosea kwa niaba ya wote. Jonesia Rukyaa alipopewa mechi ya watani wa jadi, Simba na Yanga, mwaka 2016, watu walijadili kwa siku nyingi kama mwanamke ataweza kuishika, na hawakuuliza kama mwamuzi mwenye beji ya FIFA ataweza. Salima Mukansanga wa Rwanda alichezesha mechi ya Zimbabwe na Guinea kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika Januari 2022, na Stéphanie Frappart wa Ufaransa alichezesha Costa Rica na Ujerumani kwenye Kombe la Dunia Desemba mwaka huo huo. Mpira ulikwisha, watu wakarudi nyumbani, na dunia haikupasuka.

Hata hivyo, maneno ninayosikia nikiwa kwenye mstari sitayaandika hapa. Watangazaji ni malaika ukiwalinganisha na watu wanaokaa nyuma ya waya.

Mtani wa Area C

Mnawaonea watangazaji bure. Lugha ya mpira wa nchi hii haikutengenezwa na watangazaji, imetengenezwa na sisi mashabiki. Timu ikifungwa mfululizo na mtani wake tunasema nini? Tunasema imeolewa. Asubuhi ya Jumatatu mtu anaingia kazini anawaambia wenzake "mke wangu hajambo?" na kila mtu anaelewa kwamba anazungumzia matokeo ya jana. Utani huu hauna mwanamke hata mmoja ndani yake, ni wanaume kwa wanaume. Mtangazaji anakuja juu ya bahari ambayo tayari ina mawimbi.

Mwanaisimu wa Chimwaga

Mtani, umesema "hauna mwanamke hata mmoja ndani yake", lakini utani wote umesimama juu ya mwanamke huyo asiyekuwapo. "Kuoa" na "kuolewa" ni pengine kitenzi chenye jinsia kuliko vyote katika lugha yetu: mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na ukivibadilisha wakati wa harusi utasahihishwa na shangazi. Shabiki anaposema "tumewaoa" anatumia sarufi hiyo kumwambia mwenzake kwamba ameshuka cheo, na cheo alichoshukia ni cha mke. Sisemi kwamba utani huo upigwe marufuku. Ninasema tu kwamba hauwezi kusemwa kuwa hauna mwanamke ndani yake.

Mtani wa Area C

Basi tutasema "mteja". Nalo mtakuja kusema linawadhalilisha wauza nyanya wa Majengo.

Zabibu Chungu

Mimi naona chanzo ni majina ya timu. Wanaume ni Taifa Stars, yaani taifa zima limewekwa begani mwao, na wanawake ni Twiga Stars, yaani mnyama. Simba ni Simba tu, ila wanawake wake ni Simba Queens. Yanga ni Yanga, ila wenzao ni Yanga Princess. Mtangazaji anapomwita mchezaji "malkia" au "binti mfalme" anafuata kilichoandikwa kwenye jezi. Vijana nao hivyo hivyo: wavulana wanapewa majina ya kishujaa na wasichana wanaitwa Girls, wale wa Serengeti Girls waliofika nusu fainali ya Kombe la Dunia kule India.

Mpenda Kumbukumbu

Ilikuwa robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17, Oktoba 2022. Walifungwa na Japani 4-0, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Canada, kisha wakatolewa na Colombia 3-0. Hakuna timu nyingine ya mpira ya nchi hii, ya wanaume au ya wanawake, iliyokuwa imewahi kucheza Kombe la Dunia la FIFA kabla yao.

Na wavulana wa umri huo huo wanaitwa Serengeti Boys, kwa hiyo hoja ya "Girls" haina miguu. Wasichana wa chini ya miaka 20 wamepewa jina la Tanzanite, jiwe ambalo duniani linachimbwa Mirerani peke yake, na sioni udogo wowote hapo. Hata twiga ni mnyama wa taifa.

Zabibu Chungu

Nashukuru kwa marekebisho. Ya Queens na Princess bado nasimama nayo: mbona hakuna Simba Kings?

Binti Chamwino

Hoja ya Zabibu inaeleweka zaidi ukiitazama netiboli. Hakuna anayesema "netiboli ya wanawake", tunasema netiboli, na wanaume wakicheza ndipo tunasema "netiboli ya wanaume" huku tukicheka. Anayeonekana kuwa mwenye nyumba hahitaji kutajwa, mgeni ndiye anayetajwa. Katika soka mwanamke bado ni mgeni, hata hapa Dodoma ambako wasichana wa Fountain Gate walitwaa ubingwa wa Afrika wa shule mwaka 2023 kule Durban.

Kijiji cha Kati

Naomba tuzungumze lile ambalo wote mnalizunguka. Agosti 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa Ikulu alizungumzia wachezaji wa kike kwamba baadhi yao vifua vyao ni bapa, unaweza kudhani ni wanaume, na akagusia nafasi yao ya kuolewa. Maneno hayo yalizungumzwa ndani na nje ya nchi. Kama aliyesema ni mwanamke tena kiongozi wa nchi, mnamlaumu vipi kijana wa bonanza aliyelipwa soda?

Msimamizi

Karibuni tuendelee, ila tujadili maneno na tusijadili vyama vya siasa. Michango miwili iliyokuwa hapa imeondolewa.

Kipa Mstaafu wa Kondoa

Ninaikumbuka siku ile. Kwa haki, hotuba hiyo ilikuwa pia na ombi kwamba wachezaji hao watazamwe maisha yao baada ya kustaafu mpira, na hilo la pili ni kweli kabisa, kwa sababu wengi wetu tulitoka na magoti mabovu na hatukutoka na kiinua mgongo. Lakini watu hawakumbuki nusu hiyo. Ukichanganya shida ya mtu na maumbile yake katika pumzi moja, wasikilizaji hubeba maumbile na kuiacha shida pale pale. Nadhani ndicho kilichompata mleta uzi pia: alisifu utelezi mzuri wa beki, ila watu wakaondoka na ufagio.

Karani wa Mtumba

Mtaniwia radhi, nimechelewa. Nataka kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana bila jitihada kubwa, na mfano uko hapa hapa mjini. Bungeni kila mtu ni "Mheshimiwa". Anne Makinda alipokuwa Spika tangu 2010 hadi 2015 aliitwa "Mheshimiwa Spika", Job Ndugai aliyemfuata akaitwa "Mheshimiwa Spika", na Tulia Ackson alipochaguliwa mwaka 2022 aliitwa vivyo hivyo. Hakuna mbunge aliyesimama akasema "mwanadada Spika, naomba mwongozo wako". Tunajua kabisa kutaja cheo na kuacha jinsia pale tunapoogopa kutolewa nje.

Mnadani

Tatizo ni kwamba mtangazaji haogopi kutolewa nje, maana tayari yuko nje, kwenye jua, juu ya kiti cha plastiki.

Msaidizi wa Pembeni

Mnadani ametania ila kuna ukweli wa kazi ndani yake. Kwenye mechi kubwa za wanaume mtangazaji anapewa orodha mapema, ina majina, namba, umri na timu alizopitia mchezaji. Kwenye mechi nyingi za wanawake za ngazi ya chini nimeona orodha ikiletwa mechi ikiwa imeanza, imeandikwa kwa penseli, na wakati mwingine jezi hazilingani na namba zilizoandikwa. Mtangazaji ana dakika nyingi za kujaza na hana jina la kutaja. Anajaza kwa nini? Anajaza kwa "binti", "mrembo" na "kina dada hawa". Nadhani nusu ya lugha mnayoilaumu imetokana na karatasi iliyokosekana.

Binti Chamwino

Na karatasi imekosekana kwa nini?

Msaidizi wa Pembeni

Kwa sababu hakuna aliyeona kwamba itahitajika. Nimekuelewa, dada.

Mtoto wa Nkuhungu

Kabla hatujafika mbali, kuna anayejua "beki tatu" ya nyumbani ilitoka wapi? Mimi niliambiwa kwamba ni kwa sababu beki wa kushoto hubaki nyuma wenzake wakienda kushambulia, kama msichana wa kazi anavyobaki nyumbani.

Mtani wa Area C

Mimi nilisikia kwamba ni mtu wa tatu nyumbani, baada ya baba na mama.

Mzee Muheme

Enzi zetu namba tatu alipewa mchezaji ambaye hakuwa na pa kuwekwa kwingine, kwa kuwa wenye mguu wa kushoto walikuwa adimu. Yawezekana ni dharau hiyo iliyohama. Sina uhakika kama neno lilitoka uwanjani kwenda jikoni kwa sababu hiyo au kwa sababu nyingine.

Zabibu Chungu

Lolote liwalo, yule msichana wa kazi naye anasahaulika katika uzi huu. Mchezaji alikasirika kufananishwa naye, sisi tukakubali mara moja kwamba ni tusi. Msichana anayeamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko na kulala wa mwisho anafanya kazi ngumu kuliko beki yeyote. Kwa nini kufananishwa naye ni aibu?

Kipa Mstaafu wa Kondoa

Zabibu, hapo umenishika. Sina jibu la haraka.

Kipaza wa Ipagala (mleta uzi)

Asanteni wote, nimesoma kila mchango zaidi ya mara moja. Nina mrejesho.

Jumamosi hii timu ile ile inacheza tena na mimi ndiye nitakayetangaza. Safari hii nilikwenda mazoezini siku mbili kabla nikaomba orodha, na kiongozi wao akanipa karatasi ya daftari yenye majina 16. Nilikuwa nimejiapiza kwamba hakuna "mrembo", hakuna "mwanadada", hakuna "kiume", ni majina matupu. Nilipofika kwenye namba 3 nikakuta pameandikwa "Mama Nasri".

Nilimfuata. Alikuwa amekaa chini ya mwarobaini anavua viatu, kidonda cha pajani kimeanza kukauka pembeni. Kwanza nilimwomba radhi, akapokea. Kisha nikamuuliza jina lake kamili ili nilitaje kwenye kipaza sauti. Akasema: "Niite Mama Nasri. Mtaani wote wananijua hivyo, na Nasri mwenyewe atakuwapo." Nikamwambia kwamba kuna watu mtandaoni wanaona si vizuri mchezaji kutambulishwa kwa uzazi wake. Akanitazama kwa muda, akauliza: "Watu gani hao?"

Binti Chamwino

Sisi ndio watu hao, na sitakana. Amechagua mwenyewe, basi itumike. Ila ningependa kujua kama katika timu ya wanaume kuna winga anayetangazwa kama Baba Nasri.

Karani wa Mtumba

Baba Nasri kwenye karatasi ya wanaume angeandikwa jina la shule na la ukoo. Hata hivyo jina alilochagua mtu si sawa na jina alilobandikwa, na nadhani Kipa Mstaafu alitueleza hivyo tangu mwanzo kwa habari ya Kaseja.

Mwanaisimu wa Chimwaga

Kumwita mtu kwa jina la mwanawe ni heshima ya siku nyingi katika jamii zetu, na huwahusu baba na mama pia. Tatizo ni kwamba uwanjani tumezoea kuitumia kwa mmoja tu. Siwezi kusema zaidi ya hapo bila kujipinga.

Mnadani

Mkuu, swali la vitendo. Mama Nasri akipanda na kufunga bao Jumamosi, utasema nini?

Kipaza wa Ipagala (mleta uzi)

Nimelifanyia mazoezi: "Mama Nasri! Namba tatu! Bao safi kwa mguu wa kushoto!"

Mwanaisimu wa Chimwaga

Mguu wa kushoto ni sawa. Nisingependa kukuharibia usingizi, lakini katika Kiswahili cha zamani mkono wa kulia uliitwa mkono wa kuume, na wa kushoto uliitwa mkono wa kike.

Kipaza wa Ipagala (mleta uzi)

Basi nitaomba apige kwa kichwa.